Usiing'oe giligilani iliyozeeka

Kama maboga yako ya nyuma ya nyumba yanachanua vizuri, halafu vitoto vinageuka njano na kudondoka vikiwa saizi ya kidole gumba, usikimbilie mbolea. Mara nyingi ni nyuki hawajafika. Ua la boga hufunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri limeshanyong'onyea, kwa hiyo nyuki lazima wawe na sababu ya kupita hapo asubuhi hiyohiyo.

Sababu yenyewe ni rahisi: giligilani ikizeeka iache itoe maua. Mrehani na kivumbasi vilevile. Pembezoni panda alizeti kidogokidogo, kila baada ya wiki mbili tatu, ili maua yasikatike. Weka na sahani ya maji yenye kokoto za kutua, la sivyo wanazama.

Halafu acha kipande cha ardhi tupu, kikavu, bila jembe wala matandazo. Nyuki wengi wa porini hutaga ardhini, hawajui habari za mzinga.

Dawa ukilazimika, piga jioni, na maua uyakwepe. Hata ya mwarobaini.