SOMO: Soma namba za saketi breka kabla hujatoa hela dukani

Habari zenu wakuu. Leo tuongelee breka, hizi za kwenye DB (lile boksi la kugawa umeme) nyumbani, maana watu wanafika dukani wanasema tu "nipe ya 32", yaani ampea 32, na muuzaji anatoa, hakuna anayeuliza inaenda kulinda waya wa saizi gani. Shikeni hili kwanza, breka ipo pale kwa ajili ya waya ulioko ukutani, siyo kwa ajili ya friji wala tivii yako.

Hatua ya 1: jua mzigo. Chukua wati za kifaa gawanya kwa 230, ndo volti zetu. Hita ya bafuni ya wati 5500 inavuta kama ampea 24, jagi la umeme la wati 2000 linavuta karibu 9, taa za LED kumi za wati 10 hazifiki hata ampea 1.

Hatua ya 2: angalia waya (saizi zake ni milimita za mraba, za breka ni ampea). Kwa waya wa kopa uliopita kwenye paipu ukutani, 1.5 ya taa weka breka ya 6 au 10, 2.5 ya soketi weka 16 au 20, waya wa 4 weka 25, waya wa 6 weka 32. Kama nyaya nyingi zimebanana paipu moja au zinapita darini chini ya bati kwenye joto kali, shusha namba ya breka, kwa sababu waya unaoshindwa kupoa haubebi kama kawaida.

Hatua ya 3: namba ya breka isiwe chini ya mzigo na isizidi uwezo wa waya. Hapa naomba mtulie. Breka ya 20 haikati ikifika 20! Kwa kiwango cha IEC 60898 breka hizi za nyumbani zinatakiwa zivumilie mara 1.13 ya namba yake kwa saa nzima bila kukata, na zikifika mara 1.45 ndo lazima zikate ndani ya saa moja. Kwa hiyo ya 20 inaweza kupitisha ampea 29 kwa muda mrefu tu ndo ikate. Sasa mtu anachomeka 32 kwenye waya wa 2.5 ili "isisumbue", piga hesabu, hiyo inaweza kuruhusu mpaka ampea 46 kwa karibu saa nzima kwenye waya ambao uwezo wake ni ishirini na kitu, waya unachemka, plastiki inalainika ndani ya ukuta na breka iko kimya kabisa kwa sababu kwake yeye hakuna tatizo. Nyumba zinaungua hivi jamani.

Hatua ya 4: herufi iliyo mbele ya namba, mfano C20. B inakata papo hapo umeme ukifika mara 3 hadi 5 ya namba yake, C mara 5 hadi 10, D mara 10 hadi 20. Nyumbani C inatosha. D ni ya mota kubwa na mashine za kuchomelea, usiiweke hovyo, maana D20 inaweza kutaka mpaka ampea 400 ndo ikate papo hapo, na kama waya ni mrefu na mwembamba shoti inaweza isifike huko.

Hatua ya 5: kile kibox chenye 6000. Hizo ni ampea za shoti ambazo breka inaweza kuzikata bila kupasuka. Kama uko jirani na transfoma chukua 10000.

MASWALI

Swali: Mkuu breka yangu ya soketi ni 20, nikiwasha pasi na jagi pamoja inakata, fundi anasema tuweke 32.
Jibu: Kataa kaka. Pasi ya 1200 na jagi la 2000 ni kama ampea 14, hiyo 20 haikutakiwa kukata. Mwambie akague skrubu za breka, ikilegea inatoa joto na joto hilo linaifanya ikate mapema. Na aangalie kama kuna kingine kimejiunga kwenye laini hiyo hiyo.

Swali: Nina RCD ya 63, si inatosha peke yake?
Jibu: Hapana. Yenyewe inakata umeme ukivuja, kwa kawaida miliampea 30, hiyo 63 ni kiasi inachoweza kubeba tu. Mzigo ukizidi haikati. Inayofanya kazi zote mbili ni RCBO.

Swali: Nyumba ya kupanga nitajuaje saizi ya waya, dada wa watu sijui umeme?
Jibu: Usifungue mwenyewe dada. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, azime mein swichi, afungue DB, mara nyingi saizi imeandikwa kwenye waya wenyewe.

Swali: Betri za sola volti 48, natumia breka hizi hizi?
Jibu: Hapana mkuu. Umeme wa TANESCO unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, hapo ndo cheche ndani ya breka inapata nafasi ya kuzimika. Wa betri haupiti sifuri, cheche inaweza kuendelea kuwaka mpaka breka inayeyuka. Nunua iliyoandikwa DC, hakikisha volti zake zinazidi za betri ikiwa imejaa, na kama ina alama za + na - fuata hizo hizo.