Somo: Kutunza Msimbo wa HTML Ndani ya Kihariri cha Moodle

Walimu kadhaa wanaoandaa masomo ya mtandaoni hapa Tanga hubandika msimbo wa HTML, yaani lugha ya kuundia kurasa za wavuti, moja kwa moja kwenye kihariri cha Moodle, jukwaa la kuendeshea masomo hayo, wakauhifadhi, kisha baadaye wakashangaa kuona jedwali limebadilika na hakuna aliyeligusa. Aliyeligusa ni kihariri chenyewe. TinyMCE, ambacho ndicho kihariri cha kawaida katika matoleo ya karibuni ya Moodle, husoma msimbo uliouandika, huujenga kuwa ukurasa, kisha huuandika upya kwa namna yake, hata tegi (alama za HTML) tupu zikaweza kutoweka na zilizopishana zikapangwa vingine. Kwa hiyo nakala kuu ya msimbo ikae nje ya jukwaa.

Hatua ya 1. Andika msimbo kwenye programu ya maandishi matupu, kama vile Notepad, na uhifadhi faili kwa jina linalotaja somo na toleo, mfano mkonge-usindikaji-2.html. Usianzie kwenye Word, kwani ukinakili kutoka huko unaweza kubeba mitindo chungu nzima inayoanza na mso-, ambayo haimsaidii msomaji wa ukurasa na humchosha atakayeurekebisha msimbo baada yako.

Hatua ya 2. Panga jedwali kwa ajili ya simu. Tuchukue jedwali la usindikaji wa mkonge: kukata majani, kuyapitisha kwenye korona (mashine ya kutoa nyuzi), kuanika, kupiga brashi na kufunga robota. Ukilipa upana wa pikseli 900, mwanafunzi wa Pangani au Muheza anayesoma kwa simu ataona safu za mwanzo tu, na huenda asijue kwamba kuna nyingine. Ondoa upana huo, liweke jedwali ndani ya div (tegi ya kufungia sehemu ya ukurasa) yenye darasa (class) la table-responsive, na jedwali lenyewe ulipe madarasa ya table na table-bordered. Madarasa hayo ni ya Bootstrap, mkusanyiko wa mitindo iliyo tayari ya kurasa za wavuti, ambao mandhari ya Boost (mwonekano wa kawaida wa Moodle) imejengwa juu yake. Safu zikizidi kioo, kitakachosogezwa kwa kidole ni jedwali peke yake, si ukurasa mzima.

Hatua ya 3. Kwenye kihariri fungua menyu ya zana, chagua msimbo chanzo, bandika na uhifadhi. Ukiwa na marekebisho, yafanye kwenye faili lako kwanza, kisha ubandike upya.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Picha naiona vizuri, hata nikibadili jukumu kuwa mwanafunzi, lakini wanafunzi wanasema hawaioni.

Jibu: Marahaba. Tazama anwani ya picha kwenye msimbo. Bila shaka ina neno draftfile.php, maana yake uliinakili kutoka ukurasa mwingine wakati ukurasa huo ulikuwa bado unahaririwa, na faili la rasimu husomwa na akaunti iliyolipakia tu. Kubadili jukumu hakubadili akaunti, ndiyo maana wewe unaiona. Ipakie picha upya ndani ya ukurasa husika, kisha ujaribu kwa akaunti nyingine kabisa.

Swali: Mwanafunzi wangu ameweka tegi ya script (programu ndogo ya kuendeshwa ndani ya ukurasa) kwenye mjadala, ikapotea. Je, ni hitilafu?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Moodle husafisha maandishi ya wanafunzi kabla ya kuyaonyesha, kwa sababu script moja yenye nia mbaya ingeweza kutenda kwa jina la mwalimu aliyefungua ukurasa huo. Usimwombe msimamizi alegeze ulinzi huo kwa ajili ya pambo.

Swali: Mimi natumia kihariri cha maandishi matupu. Vibloku vya pembeni vimeshuka hadi chini ya ukurasa.

Jibu: Hesabu div zinazofunguliwa na zinazofungwa. Ikiwapo moja ya kufunga iliyozidi, inafunga sehemu ya ukurasa wa Moodle wenyewe. Kihariri cha maandishi matupu hakirekebishi kosa hilo, hupitisha msimbo kama ulivyo. Rudi kwenye faili lako la nje, ufute iliyozidi, kisha ubandike msimbo wote upya.