Kabla hujaanza kufukua kitenzi cha Kilatini, cheki haya kwanza

Kama unajifunza Kihispania au Kifaransa, lugha zilizozaliwa na Kilatini cha Warumi wa kale, na umeshapatwa na ule wazimu wa kutaka kujua kila neno limetoka wapi (karibu chamani), kuna vitu uviweke sawa kabla, la sivyo utapoteza jioni nzima kama mimi. Nilikaa na kamusi ya Kilatini natafuta plicare, kukunja, naperuzi weee hamna kitu, kumbe kamusi zao zinaweka kitenzi kwa umbo la "mimi nakunja", yaani plico, wakati ya Kihispania inakupa llegar na ya Kiromania a pleca. Kwa hiyo jua kwanza kila kamusi inaanzia wapi.

Hicho kitenzi nimekitaja makusudi. Plicare ilizaa piegare ya Kiitaliano na plier ya Kifaransa, hizo bado ni kukunja, fresh, ila llegar ya Kihispania na chegar ya Kireno ni kufika, halafu a pleca ya Kiromania ni kuondoka! Ndugu wa tumbo moja, mmoja anabisha hodi mwingine anaaga.

Usiwakatae kisa sura hazifanani. Jichoree kajedwali ka sauti: pl ya mwanzo wa neno Kihispania mara nyingi kinaifanya ll, Kireno ch, Kiitaliano pi, Kifaransa na Kiromania wanaiacha ilivyo. Chukua "iliyojaa", plenus: lleno, cheio, pieno, plein, plin. Chukua mvua: lluvia, chuva, pioggia, pluie, ploaie. Ukishaona safu mbili zimekwenda hivyo, llegar na chegar hazikusumbui tena. Na usishtuke Kihispania hichohicho kuwa na plegar, kukunja, hiyo pl yake imebaki kwa sababu ya mkono wa wasomi waliokuwa wanakitazama Kilatini cha vitabuni.

Sasa maana, hapa ndo watu wanateleza. Utaambiwa mabaharia wakifika wanakunja tanga ndo ikawa llegar, na askari wakihama wanakunja mahema ndo ikawa a pleca. Tamu kweli, na sisi tunaosema kukunja jamvi tunaimeza haraka (hata Wakatalani, watu wa Katalonia huko Uhispania, plegar yao ni kukunja na pia kumaliza kazi ukaenda zako). Ila kabla hujaisambaza tafuta maandishi. Kilatini kilikuwa na applicare, yaani plicare iliyoongezewa kiambishi mbele, kusogeza kitu mpaka kiguse kingine, na walikitumia kwa kupeleka meli ufukweni, Kihispania bado kina allegados, watu wako wa karibu. Halafu kuna Egeria, mama aliyesafiri Nchi Takatifu karne ya 4 akaandika safari yake, nakala yake ikaja kuonekana Arezzo, Italia, mwaka 1884, na humo plicare tayari ni kukaribia mahali, tena anafika kwa nchi kavu, tanga la nini? Ya mahema mi nayachukulia kama chumvi ya mezani.

Kingine kidogo, ukiona kinyota mbele ya neno, kama *potere iliyozaa poder ya Kihispania, kuweza, ujue limeundwa na wataalamu kwa kukisia, halijakutwa kwenye maandishi. Na plegaria ya Kihispania, sala, usiiingize kwenye ukoo huu, hiyo ni ya precaria, mambo ya kuomba, mi niliiingiza na nikaitetea usiku mzima.