Jaribio la kutafuta herufi: namna ya kupima umakini wa macho

Mwaka 1980 Anne Treisman na Garry Gelade walieleza kwamba sifa moja, kwa mfano rangi, jicho huinasa mara moja. Kuunganisha rangi na umbo ndiko kunakodai umakini. Wazo hilo unaweza kulipima kwa kompyuta na programu ya bure ya PsychoPy.

Shabaha, yaani herufi ya kutafutwa, ni X nyekundu; mshiriki hubonyeza kitufe kusema “ipo” au “haipo”. Katika sehemu ya kwanza izungushie X za buluu tupu. Katika ya pili, nusu ya herufi za kuzuga ziwe X za buluu na nusu O nyekundu. Usitumie nyekundu na kijani, maana ndizo zinazowachanganya wengi wenye upofu wa rangi. Onyesha herufi 4, 8, 16 au 32, na katika nusu ya maonyesho shabaha isiwepo kabisa, la sivyo mshiriki atabonyeza “ipo” bila kutafuta. Maonyesho 20 kwa kila hali (sehemu 2 × idadi 4 za herufi × ipo au haipo) yanafika 320, mbali na 20 ya mazoezi.

Mkalishe mshiriki sentimita 57 kutoka kwenye skrini. Kwa umbali huo sentimita 1 ya skrini ni takriban nyuzi 1 ya uoni (pembe ambayo kitu hujaza machoni), kwa hiyo rula inatosha kupimia kila kitu. Watu huinamia skrini wakichoka, basi pima tena kila baada ya mapumziko. Herufi ziachane vya kutosha: zikibanana, zile za pembeni husomeka kwa shida hata umakini ukiwepo, na utakuwa umepima msongamano.

Anza na alama ya + kwa milisekunde 500, kisha herufi zikae hadi kitufe kibonyezwe. Kibodi iwe ya waya. Isiyo na waya inaweza kuchelewesha majibu kwa viwango visivyo sawa.

Ondoa majibu ya chini ya milisekunde 200, kwani hayo ni ya kubahatisha, halafu tafuta wastani wa kati (muda ulio katikati ukizipanga kwa ukubwa) wa majibu sahihi. Usihangaike na nani ana kasi. Tazama muda unaongezeka kiasi gani kwa kila herufi inayoongezwa. Sehemu ya kwanza ongezeko hukaribia 0. Ya pili mara nyingi ni milisekunde 20 hadi 30 shabaha ikiwepo, na takriban maradufu isipokuwepo. Makosa yakizidi kwenye herufi 32, usiuamini mstari wako wa ongezeko hilo: huenda mshiriki amekata tamaa kabla ya kumaliza kutafuta.