Kukaa kijiweni Jogja: maelekezo kwa wanaokuja kusoma huku

Usipojua nongkrong, hapa Yogyakarta (sisi tunasema Jogja) hutapata marafiki, utapata watu wa darasani tu. Neno lenyewe asili yake ni kuchuchumaa. Kwa vijana wa Indonesia ni kukaa na wenzako usiku, bila ajenda, mpaka miguu ife ganzi. Mimi mtoto wa Tanga, nimekulia vibarazani, nilidhani hili sina cha kufundishwa. Kumbe!

Kwanza muda. Ukiambiwa saa mbili usiku, saa mbili usiwe umetoka chumbani. Wenyewe wanaiita jam karet, saa ya mpira, maana inavutika. Mara ya kwanza niliwahi, nikakaa peke yangu saa nzima. Kila nikiuliza naandikiwa "OTW". Tafsiri yake ni kwamba mtu yuko njiani. Hali halisi, hajaoga. Siku hizi nasubiri mmoja atume picha ya mkeka kwenye kundi ndipo nawasha pikipiki. Na safari inayopangwa wiki tatu bila kufanyika ina jina lake, wacana. Usinune, cheka nao.

Migahawa ya kahawa yenye kiyoyozi imejaa, ila mgeni aanzie angkringan: mkokoteni wenye turubai, birika tatu juu ya jiko la mkaa, mikeka pembeni. Chukua nasi kucing, yaani wali wa paka. Ni ngumi moja ya wali na pilipili ya dagaa, imefungwa kwa karatasi au jani la mgomba; ninapokula mimi ni rupia 3,000, na mwenye njaa hali chini ya tatu. Ongeza mishikaki ya utumbo wa kuku au ya mayai ya kware, umwombe muuzaji akupashie mkaani. Akiwa kijana muite Mas, dada ni Mbak, mzee ni Pak, mama ni Bu. Jina tupu bila hayo ni utovu wa adabu.

Sasa sikiliza vizuri: unakula kwanza, unalipa mwisho, na hakuna anayekuhesabia. Unamtajia mwenyewe, wali miwili, mishikaki minne, chai ya barafu moja. Mimi huacha vijiti kwenye sahani nisije nikadhulumu. Tangu benki kuu yao ilipozindua malipo ya QRIS mwaka 2019, hata mikokoteni imebandika msimbo wa kuskani, ila beba noti ndogondogo.

Tena kila mtu hulipa chake. Kwetu aliyekuita ndiye mlipaji, kwa hiyo nami nilikaa natabasamu mpaka Pak akaniuliza nimekula nini na nini. Wakitaka kukulipia watatamka neno traktir, na mwenye siku ya kuzaliwa ndiye huwalipia wenzake. Ya kwako ikikaribia, jiandae au nyamaza.

Ukipita mbele ya watu walioketi, inama kidogo, teremsha mkono wa kulia mbele yako, sema "nuwun sewu", samahani ya Kijava. Toa na pokea kwa mkono wa kulia. Kuelekeza ni kwa dole gumba. Bibi yangu angewapenda hawa watu.

Ghafla wote watanyamaza na kuinamia simu. Hawajakuchoka. Wanacheza Mobile Legends, watano kwa watano. Wakipungukiwa wa tano watakutafuta, hata kama hujui kitu. Mimi wakati huo naagiza kopi joss, kahawa inayotumbukizwa kaa la moto likalia *joss!* ndani ya glasi. Tafuta ile ya kaskazini mwa stesheni ya Tugu.

Maneno ya kuanzia: gabut, huna la kufanya, mager, uvivu wa kunyanyuka, baper, kuchukulia kila kitu moyoni, bucin, mtumwa wa mapenzi. Hayo manne yanatosha mwezi mzima.

Wakati wa kuondoka usinyanyuke tu kama uliyechokozwa. Sema "duluan ya", natangulia. Kisha kaa tena kama dakika ishirini, maana umbea wenyewe huanza hapo.