Chora thieta ya mifupa kwa chaki kabla ya kuagiza paneli

Nimekuwa muuguzi wa thieta ya mifupa kwa miaka 17, mingi kati ya hiyo Dar es Salaam, na mara tatu nimeitwa kwenye kamati ya kujenga thieta mpya ya paneli. Kila mara kikao huanza vilevile: kitabu cha picha cha muuzaji kinafunguliwa mezani, tunaona kuta za chuma zinazong'aa, na watu wanaanza kuchagua rangi. Mimi huomba rangi ingoje. Huomba ukumbi mtupu, chaki, futi kamba na kitanda kimoja cha wodini.

Thieta ya paneli ni vipande vya ukuta na dari vinavyotengenezwa kiwandani, vikaletwa kwa kontena na kufungwa kwenye fremu ndani ya jengo lililopo. Kona zake ni za mviringo, hazishiki uchafu, na bomba likivuja fundi anafungua paneli moja badala ya kuvunja ukuta. Ila kilichokosewa kwenye oda kinafika kikiwa kimekosewa. Ukuta wa tofali unaweza kuurekebisha kwa nyundo na saruji. Paneli yenye soketi mahali pasipotakiwa inabaki hivyo hivyo.

Kwa hiyo chora. Anza na kitanda cha upasuaji, kama meta 2 kwa nusu meta, halafu weka watu halisi wakizunguke. Kichwani daktari wa usingizi na mashine yake. Pembeni daktari bingwa na wasaidizi wawili. Miguuni nesi wa vifaa, naye anahitaji nafasi kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa sababu kubadilisha nyonga kunaweza kujaza meza mbili au tatu kwa trei za vifaa. Kisha ingiza ile eksirei ya mkono wa herufi C. Kama hamna, mtu asukume meza ya chakula yenye upana huo huo. Inaingia upande wa pili wa daktari, inazungushwa mpaka iupite mfupa juu na chini, inarudishwa nyuma bila kugusa meza yenye vifaa tasa, yaani visivyo na vijidudu. Skrini yake nayo ikae mahali ambapo daktari anaiona bila kugeuza shingo. Mkimaliza, pimeni. Mwongozo wa Uingereza unataka meta za mraba 55. Kwa chumba cha meta 7 kwa 7 tumeweza kufanya kazi vizuri. Chini ya meta 6 kwa 6, eksirei inakuwa mgomvi wa kila mtu.

Usisahau korido. Wagonjwa wetu wengi ni wa bodaboda, na mwenye paja lililovunjika anakuja na kitanda chake, mguu ukiwa umefungiwa uzito unaoning'inia nyuma. Kwenye zoezi letu la mwisho tulisukuma kitanda hicho na mfuko wa mchanga kamba ikiwa inavutwa, na kwenye kona ya chaki kiligoma. Mlango ulikuwa unatosha, kona ndiyo haikutosha. Tuliisogeza korido kwa sentimeta 40, kazi ya dakika tano kwa kitambaa chenye maji na chaki.

Sasa kosa ambalo bado linaniuma. Hospitali moja niliyofanyia kazi ilinunua dari ya hewa safi, lile sanduku la juu ya kitanda linaloshusha hewa iliyochujwa kama pazia. Lilikuwa la meta 2.8 kwa 2.8, limefungwa katikati kabisa ya chumba, kazi nzuri. Lakini mkono wa dari wenye gesi za usingizi uliwekwa karibu na ukuta wa upande wa miguu, na mipira ya gesi haikufika kichwani. Tulifanya nini? Tulisogeza kitanda kuelekea gesi. Miaka kadhaa kichwa cha mgonjwa kililala kwenye hewa safi kuliko zote jengoni, na goti tulilokuwa tumelifungua lilikuwa nje ya pazia, pamoja na nusu ya trei zangu. Mifupa tunayopasua mara nyingi iko upande wa miguu. Basi chora kwanza kidonda kitakapokuwa, juu yake chora pazia la hewa, na mwishowe ndipo uamue gesi zishuke wapi.

Kuhusu pazia lenyewe, historia yake inajulikana. John Charnley, aliyeanza kubadilisha nyonga kwa mafanikio pale Wrightington, Uingereza, aliona wagonjwa wake wakipata usaha ndani ya kiungo, akaanza kuwapasua ndani ya kibanda chenye hewa iliyochujwa. Utafiti mkubwa wa Waingereza uliotolewa mwaka 1982, wenye upasuaji wa viungo zaidi ya 8,000, ulimuunga mkono. Lakini mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza pazia hilo lisitumiwe kama njia ya kuzuia maambukizi kwenye viungo bandia, ingawa lilikiri kuwa ushahidi uliopo ni dhaifu. Madaktari bado wanabishana. Msimamo wangu ni huu: kama fedha ni chache, usizimalizie darini. Hakikisha kwanza hewa inapita kwenye chujio la HEPA, lile linalonasa vumbi laini na vijidudu, inabadilishwa mara 20 au zaidi kwa saa, na mgandamizo wa ndani unazidi wa korido. Chumba cha meta 7 kwa 7 chenye kimo cha meta 3 kina meta za ujazo 147, kwa hiyo mtambo usukume karibu 2,940 kila saa. Pazia la 2.8 kwa 2.8 linazungusha zaidi ya 10,000. Muulize mhasibu kuhusu umeme huo kabla hujamuuliza muuzaji.

Mgandamizo unapimwa kwa mita ukutani, lakini mimi hubeba pia kipande cha karatasi ya chooni. Mlango ukiwa umeachwa wazi kidogo tu, kishike kwenye ule ufa: kielekee koridoni. Kikiingia ndani, uchafu wa korido unaingia nacho. Kila mlango unapofunguliwa faida hiyo inapotea, ndiyo maana nadai kabati la kupitishia vifaa ukutani na dirisha dogo mlangoni, watu waache kufungua ili kuchungulia.

Pwani ina shida yake: hewa imejaa maji. Mtambo lazima uipoze sana mpaka maji yadondoke huko huko, kisha uipashe kidogo kabla ya kuiingiza chumbani. Bila hivyo dari inatoka jasho, na nimewahi kuona tone likining'inia juu ya mgonjwa. Lenga nyuzi 18 hadi 24 na unyevu usiozidi asilimia 60. Nyuzi zisipandeshwe na kushushwa ovyo, kwa sababu saruji ya mfupa, ile ya kushikiza kiungo bandia, hukauka polepole kwenye baridi na upesi kwenye joto, na daktari anahesabu dakika zake kwa hilo.

Risasi, yale madini mazito ya kuzuia mionzi, iagizwe ndani ya paneli tangu kiwandani, pamoja na mlango na kioo, na pale paneli zinapokutana ipandane. Unene apige hesabu mtaalamu wa mionzi, na kwa Tanzania kibali cha eksirei ni cha Tume ya Nguvu za Atomiki. Wengine huniambia hawana eksirei, wanaweka vyuma vya SIGN vya ndani ya mfupa, vile vilivyoletwa na shirika la Dk. Lewis Zirkle wa Marekani ili vifungwe bila kuona picha. Ni kweli, vimewasimamisha wengi. Lakini eksirei itakuja siku moja, na ukuta ni ule ule.

Mengine kwa haraka. Drili za mifupa zinazoendeshwa kwa hewa zinataka mgandamizo wa baa 7, siyo zile 4 za mashine ya usingizi, kwa hiyo bomba lake ni la peke yake. Kila kitakachoning'inizwa kiwekewe chuma cha kukibeba nyuma ya paneli kabla haijafungwa. Kwenye mkataba andika paneli mbili za akiba, seti ya machujio, na mafunzo kwa fundi wenu wenyewe.

Kabla ya malipo ya mwisho, zimeni umeme mkuu chumba kikiwa kimewashwa chote, mkae gizani mkihesabu sekunde mpaka jenereta ipokee, muone kama taa ya upasuaji ilibaki hai kwa betri. Halafu mkabidhini chumba mama wa usafi, asubuhi nzima, na ndoo zake. Sisi yetu ilipita vipimo vyote vya wahandisi. Yeye alimwaga maji, akapiga deki, akainama kwenye kona ya mashariki na kusema, "Dada, hapa maji yanapotea." Vinaili ya sakafu ilikuwa haijaungwa na ukuta kwa urefu wa kiganja. Mafundi waliirudia siku hiyo hiyo.