Chuma kinakwama wapi? Kurekebisha ratiba ya pawalifti kulingana na udhaifu wako

Pawalifti ni mchezo wa minyanyuo mitatu ya chuma chenye uzito: skwati (kuchuchumaa na kuinuka kikiwa mabegani), benchi (kukisukuma kutoka kifuani ukiwa umelala chali) na dedilifti (kukivuta kutoka sakafuni). Benchi ikikwama katikati, karibu kila mtu jimu atakwambia traisepsi zako, yaani misuli ya nyuma ya mkono wa juu, ni dhaifu. Huenda ni kweli, lakini mara nyingi si kweli. Chuma huanza kupoteza kasi kabla hakijasimama. Kikitoka kifuani kwa kujikokota, kitasimama sentimita kumi juu hata kama traisepsi zako ni za simba. Kwa hiyo kabla hujagusa ratiba, tafuta pale kasi inapoanza kupotea. Pale chuma kiliposimama ni matokeo tu.

Simu inatosha kwa kazi hii. Iweke ubavuni, usawa wa nyonga kwa skwati na dedilifti, na usawa wa benchi kwa benchi. Rekodi seti za marudio 1 hadi 3 kwa asilimia 85 hadi 90 ya kilele chako, yaani uzito wa juu kabisa unaounyanyua mara moja kwa mtindo safi. Rekodi siku mbili au tatu tofauti, kwa sababu kushindwa mara moja baada ya usiku mbaya si ushahidi. Kisha linganisha na seti ya asilimia 70. Kosa likionekana hata kwenye asilimia 70, tatizo ni ufundi: punguza uzito, fundisha mwili upya, na usiongeze zoezi lolote. Likijitokeza tu uzito unapopanda, hapo ndipo kuna udhaifu wa kufanyia kazi. Maumivu ni habari nyingine kabisa. Kiungo kinachouma hakitibiwi kwa seti za ziada.

Skwati

Kosa linalosomwa vibaya kuliko yote ni makalio kupanda kabla ya kifua. Mtu anatoka chini, magoti yananyooka haraka, chuma kinabaki palepale, halafu anamalizia kwa kuinua mgongo. Anayetazama anaona mgongo ukihangaika, anaagiza mazoezi ya mgongo. Kumbe misuli ya mbele ya paja ndiyo iliyokimbia kazi, na mwili ukahamishia mzigo kwenye nyonga na mgongo, ambako kuna nguvu zaidi. Ukiendelea kuimarisha mgongo, unaupa mwili sababu ya kukwepa tena.

Dawa yake ni skwati ya mbele, chuma kikikaa juu ya mabega mbele ya shingo. Zoezi hili lina refa wake ndani: ukiinama, chuma kinaanguka. Fanya seti 4 za marudio 4 hadi 5, uzito ukiwa ule unaokuruhusu kuweka viwiko juu mpaka rudio la mwisho. Kama vifundo vya mikono yako havikubali mkao huo, fanya skwati ya kawaida lakini shuka kwa sekunde 4 kamili. Ongeza na skwati ya mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, seti 3 za marudio 8 hadi 10 kila mguu.

Kama mgongo unabaki imara lakini unakwama juu kidogo ya pale paja linapokuwa sambamba na sakafu, tumia skwati ya kusita: simama chini kabisa kwa sekunde 2 hadi 3, tumbo likiwa limekazwa, ndipo upande. Anza na asilimia 68 hadi 75 ya kilele, seti 4 za marudio 3. Mwenye kilele cha kilo 140 ataanzia kilo 95 na asizidi 105 katika wiki za mwanzo. Makosa ni mawili. La kwanza ni kusita juu ya kina kinachokubalika mashindanoni, ambapo kunjo la nyonga lazima lishuke chini ya sehemu ya juu ya goti. La pili ni kulegea ukiwa chini, halafu kuruka kutoka kwenye ulegevu huo. Mwombe mwenzako ahesabu sekunde, maana anayebeba mzigo huhesabu haraka.

Benchi

Tazama kwanza njia ya chuma. Kikitoka kifuani kinatakiwa kurudi kidogo kuelekea mabegani huku kikipanda. Anayekisukuma wima kutoka chini ya kifua anakiacha mbali na bega, mzigo unazidi kulilemea bega, na kinakwama katikati. Huyo hahitaji zoezi jipya. Anahitaji seti nyepesi nyingi za njia sahihi, viwiko vikibaki chini ya chuma.

Njia ikiwa sawa na bado kinatoka kifuani kwa shida, tuliza chuma kifuani kwa sekunde 3, seti 4 za marudio 3 au 4 kwa asilimia 70 hadi 75. Malizia kwa damubeli (vyuma vifupi, kimoja kila mkono), seti 3 za marudio 8 hadi 10, ukishuka mpaka mwisho. Kinachotoka kwa kasi lakini kikagoma karibu na kunyoosha mikono, hicho ndicho cha traisepsi. Sogeza kila mkono ndani sentimita 5 hadi 8 tu, seti 4 za marudio 5 au 6 kwa asilimia 65 hadi 75. Ukibana mikono mpaka karibu igusane, utaumiza vifundo vya mikono bila faida.

Dedilifti

Kutoka sakafuni kugumu mara nyingi huanza na haraka. Kabla ya kuvuta, kaza mikono mpaka usikie chuma kikigonga sahani za uzito, bana makwapa, ndipo usukume sakafu kwa miguu. Kama bado kinagoma, simama juu ya sahani ya uzito au ubao wa sentimita 2.5 hadi 5, asilimia 60 hadi 70, seti 4 za marudio 3. Usizidi urefu huo: mgongo ukikunjika mwanzoni, umeshaanza kufundisha kosa.

Kinachokwama magotini, tazama kama kimeachana na miguu. Sentimita chache tu mbele zinatosha kukisimamisha. Simamisha chuma chini kidogo ya goti kwa sekunde 2, chuma kikigusa mguu, asilimia 60 hadi 70. Kama kiko karibu na mwili na bado mwisho ni mgumu, fanya dedilifti ya miguu karibu kunyooka, seti 3 za marudio 6 hadi 8. Kuvuta kutoka juu ya vitalu virefu kunapendeza machoni kwa sababu ya kilo nyingi, ila kilo hizo hazishuki nawe sakafuni.

Na tazama vidole. Mkono unaofunguka huonekana kama udhaifu wa nyonga, kwa kuwa mwili husita kumalizia unapohisi chuma kinateleza. Acha mikanda ya kushikia kwenye seti kuu (mashindanoni hairuhusiwi), paka chaki ya mikono, na shikilia rudio la mwisho kwa sekunde 10.

Kuingiza kwenye ratiba

Hapa ndipo wengi huharibu. Zoezi jipya linachukua nafasi ya la zamani, haliongezwi juu yake. Kama unafanya skwati Jumatatu na Alhamisi, seti 5 kila siku, acha Jumatatu skwati yenyewe, seti 4 za marudio 4 kwa asilimia 80. Alhamisi weka skwati ya kusita, seti 4, na skwati ya mguu mmoja mbele, seti 3, kisha toa seti 2 au 3 za mazoezi madogo ya miguu uliyokuwa nayo. Chagua udhaifu mmoja kwa kila mnyanyuo. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja hutajua kipi kimefanya kazi.

Ongeza kilo 2.5 kwa wiki iwapo marudio yote yalikuwa safi. Wiki ya 4 kata seti nusu, uzito ubaki vilevile. Baada ya wiki 6 hadi 8, rekodi tena uzito uleule wa mwanzo, mfano kilo 120 kwa mwenye kilele cha 140, na uweke video mbili pamoja. Kama skwati ya kusita imepanda kilo 10 lakini kilo 120 zinaonekana vilevile, pumzika wiki moja nyepesi kwanza na upime tena, kwani uchovu huficha nguvu. Zikibaki vilevile hata baada ya hapo, ulisoma udhaifu vibaya: rudi kwenye video, tazama hatua iliyotangulia ile uliyoilaumu.

Mashindano yakibaki wiki 3, toa zoezi la udhaifu na uupe mnyanyuo mkuu sehemu ya seti zake, kwa amri zilezile za refa: kusubiri amri kabla ya kushuka, kusita kifuani mpaka chuma kitulie, na kutoachia dedilifti kabla ya kuruhusiwa.